Ugonjwa Tuliomtafutia Mama

Mama hakuwa anakataa chakula. Angekataa tungegombana, tungelia, tungejua tunapigana na nini. Yeye alikuwa anakaa mezani kama sisi wote, ananawa mikono kama sisi wote, anagusa ugali kwa ncha za vidole, anawasogeza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ukingoni mwa sahani, halafu anaingiza mikono ndani ya kitenge chake. Ukimuuliza anasema, "Nimeshiba, Gatesi. Ile ingine mupe mutoto."

Belise wangu alikuwa ndiyo anajifunza kula. Kwa hiyo nilikuwa na midomo miwili ya kubembeleza, mmoja unaojifunza na mwingine, nilidhani, unaosahau.

Mama alikuja kwetu Gisenyi baada ya mvua zile mbaya. Nyumba yake ya Kanzenze ilikuwa na ufa tangu matetemeko yaliyofuata mlima ulipolipuka, na yeye aliuziba kwa udongo akaendelea kulima viazi vyake. Mvua zikaumaliza ule ukuta. Viongozi wa kijiji wakasema mtu asilale tena mle. Kaka yangu Evode, mtoto wake wa kiume wa pekee, alinipigia simu kutoka Kigali. "Akae kwako kwanza. Huko hospitali iko karibu, na wewe ni mwanamke, utamjulia." Hiyo "kwanza" ikazaa mwaka mzima.

Mume wangu Régis alimpokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Yeye anafanya kazi ya kuwatolea wafanyabiashara mizigo pale mpakani, kazi ya kubishana kutwa nzima, lakini akifika nyumbani na kumkuta Mama, sauti inashuka. Hakulelewa na mama yake. Akamnunulia kiti cha mito, akakiweka mezani mbele ya kiti chake mwenyewe, uso kwa uso, ili Mama asijione mgeni. Alikuwa anampakulia kwa mkono wake, akimwita Mabukwe, yaani mama mkwe.

"Mabukwe, ongeza kidogo. Mabukwe, hii supu nimekuachia ya juu."

Mama anainamisha kichwa. "Asante, mukwe wangu. Asante sana." Na mikono inaingia kwenye kitenge.

Akaanza kukonda. Mfupa wa bega ukawa unainua nguo kama henga. Kwenye zahanati wakampima presha, wakasema iko juu, wakampa kidonge. Miguu ikavimba. Wakampa kidonge cha kutoa maji. Akawa anasikia kizunguzungu, akaanguka koridoni, tukampeleka tena, wakampa cha kizunguzungu. Usingizi ukapotea, kikaja cha usingizi. Halafu cha kuleta hamu ya kula. Na Evode naye, kila akikumbuka, alikuwa anatuma dawa kwa basi la kutoka Kigali, ndani ya mfuko mzuri wa famasi, na baada ya hapo simu.

"Wamepata nini?"

"Bado."

"Bado namna gani? Mtu hawezi kukonda bure. Wapime saratani. Wapime ini. Gatesi, uwe serious kidogo, ni mama yetu."

Jirani yangu Nadra, ambaye maneno yake hayana pazia, alisema ni sumu. "Mukecuru, huyu muzee wako, amelishwa kitu huko Kanzenze, juu ya ile shamba. Mi naona macho yake." Mwingine kanisani akasema vidonda vya tumbo. Kila mtu alikuja na ugonjwa wake kama watu wanavyoleta zawadi kwa mzazi, na mimi nilizipokea zote. Nilikuwa nataka uwe na jina. Kitu chenye jina kina dawa.

Ndipo nikasikia kwamba hospitalini anakuja daktari wa wazee kutoka Kigali. Nilicheka. Nilijua daktari wa watoto, nimekaa kwenye foleni yake mara nyingi na Belise mgongoni. Wa wazee sikujua kama yuko.

Alikuwa mwanamke, Daktari Saidati, Mnyarwanda aliyekulia Kigoma, Kiswahili chake kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Tulipoingia hakukaa nyuma ya meza. Alivuta kigoda, akakaa chini kidogo kuliko Mama, upande wa sikio lake zima. Nikaanza kueleza. Akaninyooshea kiganja taratibu.

"Wewe nitakuuliza baadaye, dada. Bibi, hujambo?"

Mama akamtazama. "Bibi ya nani? Bwana yangu alishakufa, docteri. Mi siko bibi ya mutu sasa."

Daktari alicheka mpaka akashika goti. "Haya. Kwetu bibi ni mama wa wazazi."

"Kwetu ni mwanamuke ya mutu. Lakini endelea, nimekupa ruhusa."

Sikumbuki lini Mama alitania mara ya mwisho kabla ya siku ile.

Daktari hakumuuliza anaumwa wapi. Alimuuliza siku yake inakwendaje. Akiamka anafanya nini? Anakaa wapi? Anaongea na nani? Kanzenze alikuwa analima nini? Choo kiko mbali? Mama akajibu, mwanzoni neno mojamoja, baadaye kwa sentensi ndefu. Tulikuwa tumempeleka kila mahali na hakuna aliyewahi kumuuliza siku yake. Mimi pia sikuwahi.

Kisha akaumwaga mfuko wa dawa mezani. Akavipanga vidonge kama mtu anayechambua maharage. "Hiki nani alikuandikia? Na hiki? Dada, hebu ona. Hiki mlichopewa hapa na hiki cha Kigali ni dawa moja ya presha, majina mawili tofauti. Anakunywa mara mbili." Akampima presha amelala, akamsimamisha, akampima tena. Akamwambia aende mpaka mlangoni na kurudi. Mama alikwenda ameshika ukuta.

"Akisimama, presha inaanguka na yeye anaanguka nayo," akasema. "Hii ya kwanza ilivimbisha miguu. Hii ikaletwa kwa ajili ya uvimbe, ikamkausha. Hii ikaja kwa ajili ya kizunguzungu cha kukauka. Zimefuatana hivyo. Tutazipunguza polepole, moja baada ya nyingine. Ila dawa hazijanieleza kwa nini amekonda."

Saa ya chakula ilikuwa imefika. Daktari akatoa bakuli lake, chapati na maharage, akaigawa chapati katikati. "Bibi, karibu tule. Sipendi kula peke yangu."

Na Mama akala.

Alikula nusu yake ya chapati, akafuta mchuzi kwa kipande cha mwisho, akauliza kama chai iko. Daktari akampa na ile nusu nyingine. Nilikaa pale na Belise mapajani, nikimwangalia mama yangu akitafuna kwa meno yake yote yaliyobaki, na nilisikia aibu, halafu hasira. Kwangu anakula kama ndege. Kwa mtu asiyemjua anaomba chai!

"Nyumbani anakula na nani?" daktari akaniuliza.

"Na sisi wote. Meza moja. Mume wangu mwenyewe ndiye anampakulia, hata mimi sipakuliwi hivyo."

Daktari akamgeukia Mama. Mama alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Kesho nikimaliza kazi nitapita kwenu," daktari akasema. "Nataka kuona kiti chake."

Alikuja kweli, kwa moto, ile pikipiki ya abiria, mkoba mgongoni. Régis alikuwa bado mpakani. Daktari akaketi kwenye kiti cha Mama, akaangalia mbele yake, kiti cha Régis. Akainuka akatembea koridoni. Akafungua mlango wa choo, ambao kwetu unafungukia sebuleni, pembeni ya televisheni, pale pale Régis anapokaa jioni kuangalia mpira. Akaufunga. Akarudi akakaa karibu na Mama.

"Bibi yangu mzaa mama aliishi miaka mingi na sisi Kigoma," akasema. "Baba yangu hakuwahi kumwona akitafuna. Hata siku moja. Alikuwa akisikia baba anakohoa nje, anafunika sahani."

Mama alikunja upindo wa kitenge chake. Halafu akasema kwa sauti ambayo nusura nisiisikie, "Yule alikuwa mwanamuke mwenye akili."

"Mama!" nikasema. "Ni Régis?"

"Usipandishe sauti. Mutu anafungua kinywa mbele ya mukwe namna gani? Anaona meno yangu, anaona koo langu. Na choo ni yake. Napita mbele yake nikienda choo, iko anaangalia mupira, anasema 'Mabukwe, taa iwashwe?' Nifanye je? Sikunywa maji, basi. Usipokunywa hauendi."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nikuambie nini? Iko mutu muzuri. Nimwambie heshima yako inanifunga koo?"

Sisi tuliokulia mjini, mwiko wa mkwe na mama mkwe tuliujua kama kichekesho cha harusini. MC anautaja, watu wanacheka, tunaendelea kukata keki. Sikujua kwamba mtu anaweza kufa nao mezani kwangu huku tunamwambia karibu, ongeza.

Jioni nilimweleza Régis. Nilitafuta maneno laini na sikuyapata. Alisikiliza amesimama, funguo mkononi.

"Donc, kumbe ugonjwa ni mimi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Mimi nimembeba mgongoni siku alianguka. Mimi! Evode alikuwa wapi? Nimempa supu ya juu, na ile supu ndo ilikuwa inamuua." Akacheka, kicheko kibaya. "Mungempimia saratani ingekuwa muzuri. Saratani haingekuwa na sura yangu."

Mimi pia, ndani kabisa, nilikuwa nimeanza kuitamani ile saratani.

Kabla hajarudi Kigali, daktari aliomba tukutane sote, pamoja na Evode. Evode alikuja Jumamosi na gari lake, na salamu za mke wake Alliance, na mfuko mwingine wa famasi. Tulikaa sebuleni kwetu. Régis alikataa kuingia; alikaa uani, mlango wazi, akijifanya anatengeneza bomba.

"Bon, daktari," Evode akasema, "ugonjwa unaitwaje?"

"Hauna jina. Mama yako hali vya kutosha, hanywi maji, na dawa zilikuwa nyingi kupita mwili wake."

"Nimetoka Kigali kwa ajili ya ugonjwa usio na jina?"

"Ndiyo."

"Sikiliza, daktari, kwa heshima. Mimi niko tayari. Skana, niko tayari. Hospitali kubwa, niko tayari. Hata India, nitatafuta namna. Ni mama yangu, sina mwingine."

"India ni mbali," daktari akasema. "Kwako ni wapi?"

Evode akasita. "Kabeza. Juu ya nini?"

"Nilimuuliza mama yako swali moja tulipokuwa wawili, na ameniruhusu nimuulize tena mbele yenu. Bibi, ungependa nini?"

Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kwendea misa kanisani Nyundo, kile ambacho hakukivaa hata Pasaka. Akamwangalia Evode vile ninavyomwangalia Belise akiwa amelala.

"Nataka kula kwa mwanangu," akasema. "Kwa mutoto mwanaume mama anakula bila kujificha. Anaita, 'Leteni chakula.' Ni nyumba yake. Sitaki ingine kitu."

Uani, bomba likaacha kugongwa.

"Maman," Evode akasema, "we unajua mi nakupenda. Lakini kwetu kuna ngazi. Utaanguka."

"Miguu anayo, nimeipima," daktari akasema. "Dawa zikipungua atapanda ngazi."

"Alliance anafanya kazi zake nyumbani, anahitaji utulivu. Watoto wako na mitihani. Dada wa kazi ameondoka. Na hewa ya Kigali, na yale mavumbi... Daktari, hauelewi. Siyo kwamba sitaki. Ni organisation. Ngoja kwanza tupate jibu la kitaalamu. Umpe hata rufaa, apimwe vizuri, halafu sisi kama familia tutaona."

"Jibu la kitaalamu ndilo hilo nimekupa."

Akaangalia simu yake ambayo haikuwa imelia. Nilimwona kaka yangu, mwanaume mwenye gari na tai, akitafuta kitu cha kushika. Angekuwa na ugonjwa angeushika. Angelipa, angepiga simu kila asubuhi, angewaambia watu ofisini, mama yangu anaumwa. Daktari alikuwa amemnyang'anya ule ugonjwa na kumwachia mama.

Mama ndiye aliyemwokoa.

"Docteri," akasema, "andika tu kama niko mugonjwa."

"Unasema, bibi?"

"Andika ni tumbo. Kwa Kanzenze watauliza, juu ya nini unabakia kwa mukwe na mutoto mwanaume uko naye? Nikiwa mugonjwa, nasema hospitali iko karibu na Gatesi. Nasema docteri alikataza safari. Watu hawatamusema mwanangu." Akagusa mkono wa daktari. "Mambo kidogo tu. Andika."

Daktari Saidati alikuwa na kalamu mkononi. Akaiweka chini. Macho yake yalikuwa mekundu na nikajua kwamba hata wao hawafundishwi hili.

"Siwezi, bibi. Nikiandika tumbo, kesho mwingine atakuja kulitibu hilo tumbo. Utaanza tena vidonge."

"Basi usiandike kitu," Mama akasema, na akajifunika bega.

Evode akapumua. Nilisikia ile pumzi. "Munaona?" akasema. "Yeye mwenyewe anaona kwa Gatesi ni bora." Hakukaa sana. Mfuko wa famasi aliuacha juu ya meza, na daktari akaurudisha mikononi mwangu, akaniambia kwa sauti ya chini nisimpe hata kimoja.

Tulipanga upya. Daktari ndiye aliyenisaidia kufikiri: mtu ale wapi, aende choo wapi, ashike nini akiinuka. Régis alijenga choo nyuma ya jiko, kwa mabati, akaweka ubao wa kushikia ukutani. Alikijenga vizuri. Jikoni nikatundika pazia, nikaweka meza ndogo na kile kiti cha mito. Mama anakula pale na Belise, na Belise amejifunza kula kwa kumwiga bibi yake, analamba vidole na kusema "asante sana" kwa kila kitu. Kwa hilo namshukuru Mungu. Dawa zimebaki ya presha peke yake, ile ndogo. Kizunguzungu kimekwisha. Amepanda mboga kwenye ndoo zilizopasuka. Daktari alipompima uzito kwenye ziara iliyofuata alimpigia makofi, na Mama akainama kama aliyepewa cheti.

Lakini Régis hasemi tena "Mabukwe, ongeza." Anakula njiani, karibu na mpakani, anarudi ameshiba. Akifika langoni anakohoa kama alivyoelezwa, anangoja, ndipo anaingia. Nyumba ni yake na anakohoa kuingia. Ananiambia haimuumi. Sijawahi kumwona akimtazama Mama usoni tangu wakati ule, na Mama anasema, hivyo ndivyo mkwe anatakiwa.

Mwezi uliopita Evode alipiga simu kwamba anakuja Gisenyi na marafiki, kupumzika ufukweni. Angepita nyumbani saa sita. Mama aliamka akiwa mtu mwingine. Akachuma mboga zake, akapika mwenyewe sombe, yaani kisamvu, na ndizi, akakaanga sambaza, mimi nikiambiwa tu nipepee moto. Régis aliondoka tangu asubuhi, akasema nyumba iwe yao. Mama alirudi kwenye meza kubwa. Akaweka sahani mbili, uso kwa uso.

Evode alifika saa nane, na miwani ya jua kichwani.

"Ee Maman! Angalia mashavu! Gatesi, unaona? Nilikuambia. Zile dawa zangu za Kigali."

Nilifungua mdomo. Mfuko ule niliurudisha famasi hapa mjini ukiwa haujafunguliwa, wauharibu. Mama akaniangalia, na lile jicho nalijua tangu utoto.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Zimenisaidia sana. Mungu akubariki. Kaa tule."

"Maman, wananingoja pale ziwani, wameshaagiza samaki. Nipe Fanta tu, mi nakunywa haraka."

Akainywa amesimama, mkono mwingine ukiandika kwenye simu. Akambusu Mama kwenye paji la uso. Akasema safari nyingine, kabisa, safari nyingine atakaa. Alipotoka langoni tulisikia marafiki zake wakicheka garini, na yeye akiwaambia, "Mzee wetu amepona, nyinyi! Nilipambana."

Nilimchukua Belise nikakaa kwenye ile nafasi ya Evode, mbele ya Mama. Nilitaka kusema kitu juu ya kaka yangu, kitu kibaya, nilikuwa nacho tayari ulimini.

"Nyamaza, chakula inapoa," Mama akasema.

Akala. Alianza na sahani yake, ndizi, sombe, samaki mpaka miiba, akaimaliza. Halafu akainuka kidogo, bila kushika meza, akaivuta sahani ya Evode kutoka mbele yangu, akaanza nayo. Alikuwa ameshiba, nilimwona. Alikuwa anameza kwa nguvu, anapumzika, anameza tena.

"Mama, acha, itatosha."

"Docteri atafurahi," akasema, na hakuniangalia.